Sauti Chini ya Udongo Mwekundu

Tulipokatia juma lililopita, msomaji wangu, kamba ilikuwa imerudi juu bila karai wala mtu, na duara la Mwanzwilo, shimo la kuchimbia dhahabu, lilikuwa limejaa kifusi hadi mdomoni. Machibya alikuwa chini. Mkewe Milembe alikuwa ameangusha sufuria ya uji aliyomletea na kuanza kukimbia.

Najua wapo walionilaani kwa kuwaacha pale. Sawa, lawama tutazimaliza siku nyingine, maana Machibya hana muda wa kutusubiri.

Milembe alifika akamkuta Luhaga amekaa juu ya rundo la mawe, bado ameishika kamba ile kama vile kuna mtu upande wa pili. Luhaga ndiye mshirika wa mumewe. Miezi minne walikuwa wakichimba pamoja, mmoja chini na mmoja juu, tangu pamba yao ya mwaka ule wa tisini na mbili ilipolala ghalani ikikosa mnunuzi.

Ndipo wakasikia. Ko. Ko. Ko.

Ilikuwa sururu ikigonga mwamba. Machibya alikuwa hai.

Wachimbaji waliacha maduara yao wakaja, wakafika wanaume kama sitini, wakalala kifudifudi na kutega masikio. Kila mmoja aliapa kwamba mlio unatoka chini ya kifua chake yeye. Ardhi ile ilikuwa inausambaza mlio kote, na mtu aliyesimama hatua thelathini kutoka mwenzake alikuwa na ushahidi uleule. Hapo Milembe akaanza kuogopa kweli.

Kulifukua duara lote ilikuwa kazi ya siku mbili. Na upande wa Kimali wingu lilikuwa limeshapanda, jeusi, lenye kishindo ndani yake. Mvua ikinyesha, kifusi kile kingekuwa tope kabla ya jua kuzama.

"Shemeji," Luhaga akasema, "hayupo chini ya duara."

Akaeleza huku akitazama kando. Wiki tatu sasa, Machibya alikuwa ameuacha mkondo wa chini akachimba njia ya pembeni, akiufuata mshipa wa dhahabu uliokuwa ukipanda kuelekea juu. Pengine mahali alipo hapazidi kina cha mtu mfupi kutoka walipokanyaga. Milembe akamuuliza njia hiyo imeelekea wapi. Luhaga akasema hajui.

"Alikataa kuniambia. Alisema akijua mtu wa pili, watajua sitini."

Ndivyo machimbo yalivyo. Ukionyesha mshipa wako unakoelekea, jirani anakutangulia mbele na kukufunga njia. Kwa hiyo Machibya alikuwa ameificha siri yake vizuri mno, hata waokoaji wake hawakujua wapi pa kumwokolea. Milembe alimpenda mumewe, lakini dakika ile angemtandika makofi.

Kuchimba kwa kubahatisha hakukuwezekana. Chini ya shamba lile lililogeuka machimbo kulikuwa na uwazi, na shimo moja likichimbwa pabaya paa lingemfunika mtu. Milembe akawaamuru wanaume wote warudi nyuma ya mstari wa mawe, akawaambia atakayevuka atamvunja miguu. Alikuwa mwanamke mwembamba wa kimo cha kawaida, na wakarudi.

Basi akakumbuka sururu ni chuma.

Siku nne kabla, alikuwa ameingia machimboni bwana mmoja aitwaye Anatoli, kutoka Mwanza, na mashine ya kutafutia dhahabu. Siku hizo za ruksa kila kitu kilikuwa kinaingia nchini, mitumba, redio, sabuni za kunukia, na mashine hii nayo ilikuwa imeingia kwa mlango huohuo ikapita mikono mitatu kabla ya kumfikia yeye. Ilikuwa na mpini mrefu, chini sahani bapa ya mviringo, juu kisanduku chenye kitufe cha kuzungusha kama cha sauti kwenye redio. Visikilizio vya masikioni vilishakufa, ikabaki spika. Kwa hiyo kila iliposema, iliwasemea wote.

Milembe alimfuata na kumpigia magoti. Anatoli akamwambia ainuke, mama, hakuna haja, akachukua mashine yake akaja mbio. Nawaambieni mapema, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa mjini tu, na jua lilikuwa kali, na pembeni mwa shamba kulikuwa na mgunga wenye kivuli kizuri.

Akaenda kuisawazisha mashine chini ya mgunga.

Hapa inanibidi niwaeleze kitu kidogo, vumilieni. Udongo wenyewe una chuma ndani yake, mwingine haba, mwingine tele, na mashine inausikia. Kabla ya kutafuta chochote, lazima uifundishe udongo wa mahali hapo ili iupuuze. Unachagua mahali safi pasipo na kipande cha chuma, unaipandisha sahani hadi magotini, unaishusha karibu na ardhi, unaipandisha tena, huku unazungusha kitufe mpaka mlio wa juu na wa chini uwe mmoja. Hapo ndipo mashine inatulia, na kitakachoifanya ilie ni kile ambacho si udongo.

Anatoli alifanya hayo yote kwa ustadi. Mashine ikatulia kivulini kama mtoto aliyeshiba. Akatoka nayo shambani, hatua ya kwanza tu ikapiga yowe.

Ikapiga yowe hatua ya pili, na ya kumi, na ya arobaini. Shamba zima lilikuwa linalia. Wakachimba palipolia zaidi, wanaume wawili wepesi kwa zamu, saa nzima. Hawakuambulia hata msumari.

Anatoli akabadilisha betri. Akapuliza nyaya. Akarudi mgungani, mashine ikatulia tena, akatoka, ikapiga yowe. Akasema taratibu kwamba anadhani imekufa.

Ko. Ko. Safari hii ilikuwa mara mbili badala ya tatu, na ya pili ilichelewa.

Milembe aligeuka ili wasione machozi yake, na katika kugeuka akamwona Luhaga. Wote walikuwa wanaitazama mashine. Luhaga peke yake alikuwa anatazama shina la mgunga, na jasho lilikuwa linamchuruzika kidevuni.

Akamwendea.

"Kuna nini pale chini, Luhaga?"

"Hakuna kitu, shemeji."

"Kuna nini?"

Luhaga akasema kwa sauti ya chini kwamba asimlazimishe. Kuna vitu mtu akivitamka vinageuka.

Milembe akaelewa. Mtu yeyote wa machimboni angeelewa, isipokuwa bwana wa Mwanza. Luhaga alikuwa amelizindika shamba. Kabla ya duara kufunguliwa alikwenda kwa mganga bila kumwambia Machibya, akapewa dawa, na dawa ikafungwa juu ya majembe matatu ya zamani, yale mazito ya mababu, yakafukiwa kulinda duara lisianguke na wezi wasilikaribie. Masharti yalikuwa mafupi: siku utakayosema yalipo, duara litamfunga aliye ndani.

"Nikisema, linamfunika," Luhaga akanong'ona.

"Limeshamfunika, Luhaga."

Luhaga alikuwa anampenda Machibya, jambo hilo wala msilitilie shaka. Saa nzima ile alikuwa amenyamaza ili kumwokoa, na kwa kunyamaza alikuwa anamuua. Mwishowe akainua kidole akaonyesha, jembe moja chini ya mgunga, moja kwenye kichuguu, moja kando ya mlango wa duara. Kisha akaketi chini akalia waziwazi mbele ya wanaume wenzake.

Wakafukua pale mgungani. Kina cha kiwiko tu, jembe lile hapo, jekundu kwa kutu, limefungwa kitambaa cheusi.

Anatoli alilitazama akashika kichwa. Alikuwa ameifundisha mashine juu ya chuma. Alikuwa ameiambia kwamba chuma ndio udongo, na mashine ikatii, ikawa kila inapokutana na udongo mtupu inashtuka na kupiga kelele.

Wachimbaji wakaanza kunung'unika nyuma ya mstari wa mawe. Mmoja akasema kufukua zindiko la mwenzako ni kujitakia msiba. Milembe akafukua na yale mengine mawili, akayabeba yote matatu kwa mikono yake mwenyewe akayatupa mbali, kwenye mbuga, mahali ambapo sahani isingeyasikia. Kama kuna laana, ilikuwa imepata mtu wa kuibeba.

Anatoli akasawazisha upya, mahali safi. Juu, chini, juu, chini. Mashine ikatulia. Akatembea hatua tano, kimya. Hatua kumi, kimya. Kwa mara ya kwanza Milembe akavuta pumzi hadi tumboni.

Hatua ya kumi na mbili, yowe.

Ulikuwa mlio uleule wa mwanzo, usio na kichwa wala mkia, unaotoka kila mahali. Anatoli akazungusha hiki, akabonyeza kile. Halafu akashusha mpini chini na kumwambia Milembe, bila kumtazama, kwamba udongo huu umemshinda. Umejaa chuma. Ameona machimbo mengi, na udongo wa namna hii mashine yake haiuwezi. Akaanza kukunja waya.

Tone la kwanza la mvua likamwangukia Milembe begani.

"Fundi," akasema, "udongo upi?"

"Huu wote, mama."

"Huu wote si mmoja."

Anatoli akamtazama. Milembe alikuwa amevua kandambili. Shamba lile, kabla halijawa machimbo, lilikuwa lake la pamba na mtama, na alikuwa amelilima misimu kumi na mmoja. Akamwonyesha pale aliposimama Anatoli kwanza, akamwambia hapa ni luseni, mchanga, jembe linaingia bila kuombwa. Kisha akatembea pekupeku, polepole, na kwenye hatua ya kumi na mbili, palepale mashine ilipopiga yowe, akasimama na kuchora mstari kwa kisigino.

"Hapa kinaanza kikungu," akasema. "Udongo mwekundu. Umeifundisha mchanga, halafu umeipeleka kwa wageni."

Kwa macho udongo ulikuwa mmoja. Juu kote kulikuwa na vumbi la rangi moja, la kifusi na miguu ya watu. Lakini Anatoli alipiga goti, akafukua kwa kidole upande huu wa mstari na upande ule, akakuta mchanga wa kijivu hapa na wekundu wa matofali pale. Aliifungua waya upya.

Milembe akatangulia kwa miguu, akichora mistari. Luseni iliishia hapa. Kikungu kilipita katikati ya shamba kama mkanda, upana wa nyumba. Kila walipovuka mstari Anatoli alisimama, akainua sahani, akaishusha, kwa mwendo uleule wa mwanamke anayetwanga, na Milembe akajikuta anampigia mapigo kwa midomo ili asiharakishe. Matone yalikuwa sasa yanahesabika. Kwenye ukanda mwekundu kitufe kilikataa mara nne. Mara ya tano, mlio wa juu na wa chini ukawa mmoja.

Kimya kilichofuata, wanaume sitini walikisikia.

Wakatembea ndani ya kimya kile. Hatua tatu. Saba. Kumi na moja. Na hapo mashine ikatoa sauti nzito, pana, ya mbali, na chini yake, kana kwamba zimeitana, ko.

Milembe alianguka magotini. Alilala na kuweka shavu kwenye udongo mwekundu akamwita mumewe, na Anatoli akamvuta bega kwa upole, kwamba mama, subiri, bado.

Alikuwa anaipitisha sahani tena mahali palepale. Chini ya sauti ile nzito kulikuwa na nyingine. Ilikuwa nyembamba, laini, ya karibu, haina mkwaruzo wa chuma. Anatoli aliipitisha mara moja, mara mbili. Uso wake ukabadilika.

Sasa fikirini, ndugu zangu. Mashine ilikuwa haijawahi kusawazishwa vizuri namna ile tangu ivuke bahari. Machibya alikuwa anaufuata mshipa kuelekea juu, naye alipokomea, juu ya kichwa chake, mshipa ulikuwa unaendelea bila yeye. Hicho ndicho Anatoli alichokuwa anakisikia, na spika ilikuwa inawasikilizisha wote.

"Ni nini hiyo?" mtu akauliza kutoka mstari wa mawe. Mguu wake mmoja ulikuwa umeshavuka.

Mwezi uliopita, upande mwingine wa machimbo hayohayo, mtu alipiga kelele ya dhahabu juu ya duara lenye mtu ndani. Walikimbilia kwa mamia. Hawakuwa wabaya, walikuwa na njaa, na kila mmoja alidhani mwingine ndiye aliyekanyaga pabaya. Walipomtoa yule wa chini alikuwa bapa.

Milembe alimtazama Anatoli. Hakumwomba kwa mdomo. Bwana yule alikuwa ametoka Mwanza kutafuta sauti ile na si nyingine, alikuwa hajaisikia siku zote nne, na sasa ilikuwa inamwimbia miguuni.

"Msumari," Anatoli akajibu kwa sauti kubwa. "Mazindiko yenu haya, yamejaa misumari."

Watu wakaguna. Walikuwa wamekwishaona majembe matatu, msumari haukuwa na ajabu. Mguu ukarudi nyuma ya mstari.

Kisha Anatoli akainama kama anayetazama sahani, akamwambia Milembe taratibu kwamba iko kiganja kimoja tu kutoka juu, na ni kubwa. Milembe akatazama kulia, ambako udongo ulikuwa umeshapasuka ufa mrefu, na kushoto, ambako mwamba ulikuwa umejitokeza. Palipobaki pa kuchimba ni pale katikati, upana wa jiwe la kusagia. Ni palepale. Kumfikia mumewe ilikuwa lazima apitie kwenye dhahabu, mbele ya macho sitini mara mbili.

Akaomba ubao. Akalala juu yake kifudifudi ili uzito wake usambae, Luhaga akamfunga kamba kiunoni na kurudi nyuma nayo hatua kumi. Akachimba kwa kijembe cha mpini mfupi, na kwa kucha. Mikono yake wote waliiona. Uso wake tu, ulioinamia shimo, haukuonekana.

Ilikuja kwenye pigo la sita. Ukubwa wa dole gumba la mwanaume, imekwama kwenye kokoto, chafu, na hata katika wingu lile ilikuwa njano. Milembe hakufikiri. Alijifuta jasho kwa kiganja, na kiganja kilipopita mdomoni, dhahabu ikabaki ndani.

Ilikuwa nzito kuliko alivyodhani jiwe linaweza kuwa nzito. Ilimkandamiza ulimi na kumkwaruza kaakaa. Akaendelea kuchimba, akipumua kwa pua.

Pigo la ishirini na kitu, kijembe kikapita. Hewa ya moto ikatoka kwenye tundu la ukubwa wa ngumi, ikanuka jasho la mtu anayemjua.

"Mama Shija?"

Sauti ilikuwa dhaifu, kina cha mkono mmoja na nusu kutoka usoni pake. Hakuna mwingine aliyeisikia.

"Mama Shija, ni wewe? Timba la kushikilia paa limekatika. Nimelishika kwa mikono miwili juu ya kichwa. Nilikuwa nagonga kwa mguu, sururu nimeibana vidoleni. Sasa basi, mikono imekufa. Kama kuna mtu aniambie niendelee kushika. Kama ni ndoto, naachia."

Milembe alifungua koo, likatoka guno tu.

"Shemeji, anasema nini?" Luhaga akaita. "Mbona kimya? Amekufa?"

Neno hilo likapita katika kundi kama moto wa majani makavu. Kamba ikalegea kiunoni mwake. Luhaga alikuwa ameshaweka mguu juu ya paa, na nyuma yake Milembe alisikia miguu mingine, mingi, na ubao ukatikisika chini ya tumbo lake.

"Basi," Machibya akasema kule chini, kwa upole, kama anayeaga mtu sokoni. "Nimechoka, Mama Shija. Naachia."

Milembe akaweka mdomo kwenye tundu na kuitema dhahabu gizani.

"Ni mimi. Shika. Shika, Baba Shija, ni mimi." Kisha akainua mkono kwa walio nyuma, na kupiga kelele kwamba yuko hai, rudini, mnamuua. Miguu ikasimama.

Kule ndani pia kulikuwa kimya. Timba likalia kidogo, halafu likatulia. Milembe akamshukuru Mungu kwa maneno ambayo hata hakuyasikia.

"Mama Shija." Sauti ilikuwa imebadilika. Haikuwa tena ya mtu aliyechoka. "Kuna kitu kimenigonga kifuani. Kizito. Kimeangukia miguuni."

Miezi minne mtu yule alikuwa amelala akikiota kitu hicho, ameamka akikiota, ametambaa tumboni gizani akikifuata.

"Ni jiwe," Milembe akasema. "Liache."

"Si jiwe."

"Machibya. Usiiokote."

Timba likalia tena, kwa muda mrefu zaidi safari hii, na mchanga ukaanza kumwagika ndani kutoka ukingo wa tundu. Milembe akaingiza mkono wote hadi begani, haukufika. Kule chini akasikia vidole vya mkono vikipapasa udongo.